Mkopo wa ng'ombe hulipwa na nyasi: somo la malisho kwa maafisa ugani na maafisa mikopo

Fomu za mikopo ya mifugo nilizowahi kuziona zinafanana. Zinauliza idadi ya ng'ombe, aina, jinsia, umri, kama wamechanjwa, kama wana hereni za utambuzi, na kama mwombaji ana hati ya ardhi au barua ya serikali ya kijiji. Nyingine huuliza hata rangi. Sijakutana na fomu iliyouliza kuna nyasi kiasi gani, na zitafika mwezi gani. Pengo hilo moja ndilo linalopoteza fedha za benki na kumfilisi mfugaji kwa wakati mmoja. Ng'ombe anayenunuliwa kwa mkopo leo atalipa deni kwa uzito atakaouongeza, kwa maziwa, au kwa ndama, na vyote vitatu hutoka kwenye kile anachokula kila siku.

Afisa ugani naye ana pengo lake. Chuoni amefundishwa vizuri ndigana kali, homa ya mapafu, majosho, chanjo na uhimilishaji. Akifika kwenye malisho, anafundishwa zaidi malisho ya kupanda: mabingobingo, nyasi za Rhodes, brakiaria, namna ya kufunga marobota. Hayo ni mambo mazuri kwa mfugaji wa maziwa wa Tengeru au Kiambu mwenye ng'ombe watatu bandani. Lakini ng'ombe wengi wa Tanzania na Kenya hula nyasi za asili, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeipanda kitu. Huko afisa wetu anabaki na sentensi moja mkononi: "Punguzeni mifugo." Wafugaji wameisikia tangu wakoloni. Hawaipuuzi kwa ukaidi. Wanaipuuza kwa sababu ni nusu ya ukweli, na wao wanaijua nusu iliyobaki.

Nusu hiyo iliyobaki inaitwa muda.

Nyasi inavyoishi

Nyasi hula kwa majani. Jani hupokea jua, hutengeneza chakula, sehemu ya chakula hicho hushuka kwenye mizizi. Ng'ombe akiling'ata, mmea unabaki na vitu viwili vya kuanzia upya: majani yaliyosalia na akiba iliyo kwenye shina la chini na mizizi. Siku za kwanza ukuaji ni wa taratibu sana. Baadaye majani yanapoongezeka unakwenda kasi, na mmea unapoanza kutoa maua unapungua tena, jani linakuwa gumu na lishe yake inashuka. Mfugaji anayejua kazi yake humleta ng'ombe mwishoni mwa ile hatua ya kasi, kabla ya maua.

Sasa fikiria mmea uliong'atwa Jumatatu. Alhamisi umechipua vijani vitatu vyororo. Ng'ombe aliye palepale siku zote atavifuata hivyohivyo, kwa sababu ni vitamu kuliko jani gumu lililo pembeni. Mmea unatumia akiba mara ya pili kabla haujalipa ya kwanza, kisha mara ya tatu, na mwishowe unakufa huku jirani yake akizeeka bila kuguswa. Ndiyo maana unaweza kuona shamba lenye ng'ombe wachache likiwa na madoa ya udongo mtupu katikati ya vichaka vya nyasi ngumu. Ng'ombe mmoja tu, akiachwa mahali pamoja mwaka mzima, anaweza kuimaliza mimea anayoipenda.

Mfaransa André Voisin, mfugaji na mwanakemia wa Normandy, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950 kwa uwazi ambao mpaka leo unasaidia darasani: ulishaji unaoharibu ardhi unatokana zaidi na muda ambao mmea unakaa mbele ya mdomo wa mnyama, na muda unaopewa kupona, kuliko idadi ya midomo. Karibu wakati huohuo, mwaka 1955, Mmarekani Franklin Crider alichapisha majaribio yake ya kukata nyasi na kuangalia mizizi. Ilipoondolewa nusu ya majani au pungufu, mizizi iliendelea kukua karibu kama kawaida. Ilipoondolewa asilimia 80 au zaidi, mizizi ilisimama kwa siku nyingi. Namba hizo mbili, 50 na 80, nitazirudia kwenye hesabu ya benki, kwa hiyo zishike.

Kupanga malisho maana yake nini

Majina ni mengi, na kila semina huleta jipya: malisho ya mzunguko, malisho ya kupangilia, kulisha kwa kundi lililobanwa. Ukiyamenya yote unakuta maswali manne. Mifugo iko wapi leo? Itakaa hapo siku ngapi? Itarudi lini? Na itakapoondoka, nini kibaki chini?

Kwa shamba lenye uzio, hesabu ya mwanzo ni rahisi. Gawanya siku za kupumzisha kwa siku za kulisha, ongeza moja, unapata idadi ya vitalu, yaani vipande vya shamba. Ukitaka nyasi zipumzike siku 36 na kundi likae siku 4 kila kitalu, unahitaji vitalu 10. Uzio wa kugawa si lazima uwe wa nguzo na waya wa miiba. Waya mmoja au miwili ya umeme wa jua inatosha kwa ng'ombe waliozoea, na inahamishika. Kwenye ardhi ya kijiji au ya jamii, uzio ni mchungaji na kamati ya malisho. Mchungaji anayejua kuwashika ng'ombe wakala pamoja na kusonga mbele, badala ya kuwaachia wajitawanye, anafanya kazi ile ile ya waya.

Kosa ninaloliona mara kwa mara katika mafunzo ni kufundisha mpango mmoja wa mwaka mzima. Masika na kiangazi ni mipango miwili tofauti kabisa. Masika nyasi zinakua, kwa hiyo unapanga kupumzisha: unakimbia haraka kwenye vitalu ili kila kimoja kipate wiki zake za kupona. Kiangazi hakuna kinachokua. Kuzunguka upesi hakuongezi hata kilo moja ya nyasi, unachofanya ni kugawa akiba iliyopo mpaka mvua irudi, kama mama anayegawa unga wa debe moja. Afisa ugani asipotenganisha mambo haya mawili, mfugaji atafuata ratiba ya siku 36 mwezi wa Septemba, atarudi kwenye kitalu ambacho hakijaota chochote, na atasema mafunzo ni uongo. Atakuwa na haki.

Kuna pia suala la ubora, ambalo watu wa benki hulisahau wakishaona shamba limejaa manyasi marefu ya kahawia. Protini ya nyasi ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe vinakosa naitrojeni ya kufanyia kazi, umeng'enyaji unapungua kasi, na ng'ombe anakula kidogo zaidi ingawa chakula kimemzunguka. Shamba linaonekana tajiri na ng'ombe anakonda. Hapo mawe ya chumvi yenye urea, mashudu ya pamba au majani ya miti ya mikunde yanaweza kuleta faida kubwa kuliko kununua marobota mengine ya nyasi kavu.

Maji nayo yanaongoza malisho kuliko ramani. Ng'ombe anahitaji lita 30 hadi 50 kwa siku, na anayenyonyesha kwenye joto anazidi hapo. Kisima kikiwa kimoja, ardhi inayokizunguka inachunwa mpaka inakuwa vumbi, na ya mbali haiguswi. Kwa mfugaji wa namna hiyo, mkopo wa bomba la kilomita mbili na birika la kunyweshea unaweza kumfungulia nyasi ambazo tayari anazo. Nashangaa jinsi maombi ya aina hii yanavyopewa uzito mdogo kuliko maombi ya kununua ng'ombe.

Palipo na ubishi

Mwalimu mwaminifu hawezi kuingia darasani na kusema malisho ya mzunguko yanaponya kila kitu. Allan Savory, mtaalamu wa Zimbabwe, amefundisha kwa miongo mingi kwamba mifugo ikishikwa pamoja na kusogezwa kwa mpango inaweza kurudisha uhai kwenye ardhi kame, na wafuasi wake wako mabara yote. Mwaka 2008 wanasayansi wa nyanda za malisho wakiongozwa na David Briske wa Marekani walipitia majaribio mengi ya kulinganisha mzunguko na ulishaji wa kuendelea, na wakakuta kwamba kwa sehemu kubwa mzunguko haukuzalisha nyasi wala nyama zaidi pale idadi ya mifugo ilipokuwa sawa. Ubishi huo haujaisha.

Nikiuangalia kwa macho ya mtu anayefundisha, naona pande zote mbili zina la kutupa. Majaribio mengi ya kisayansi yalifuata ratiba iliyowekwa na kutobadilishwa, wakati mfugaji mzuri hubadilisha mpango kila anapoona nyasi zimechelewa. Kwa upande mwingine, hakuna mzunguko utakaomwokoa mtu mwenye ng'ombe mara mbili ya nyasi zake. Idadi inabaki kuwa mkono mkubwa zaidi kwenye usukani, na muda ni mkono wa pili. Anayefundisha mkono mmoja peke yake anapotosha.

Na kuna jambo moja ambalo halina ubishi hapa kwetu: mpango wa malisho si kitu kilicholetwa na mradi. Wasukuma wana ngitili, sehemu inayofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Wamaasai wana maeneo ya ndama karibu na boma, yanayoitwa alalili au olopololi kutegemea sehemu, ambayo ng'ombe wakubwa hawaingii. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizorekodiwa mkoani zilikuwa kiasi cha hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililorudishwa kwa njia hiyo lilikuwa limepita hekta 300,000. Siri ya mafanikio hayo ilikuwa kuacha kuwafundisha watu kitu kigeni na kuwaunga mkono kwenye kitu walichokuwa nacho, pamoja na sheria zao za kimila za kumtoza faini anayevunja uzio usioonekana.

Hata boma lenyewe ni chombo cha malisho. Samadi inayorundikana usiku hadi usiku huacha rutuba inayodumu kwa muda mrefu ajabu. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba maeneo ya maboma ya kale huko Narok, Kenya, mengine yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, bado yana udongo wenye rutuba kuliko ulioyazunguka. Laikipia leo wapo wanaohamisha maboma ya usiku kwa makusudi, wakiyaweka juu ya vipara vya ardhi ili nyasi zirudi. Afisa mikopo akiambiwa kwamba mwombaji huhamisha boma lake kila baada ya muda, asidhani huyu ni mtu asiye na makazi ya kudumu. Anaambiwa habari za uwekezaji.

Hesabu ya ng'ombe 35

Tuje kwenye karatasi ya benki. Tuchukue shamba la mfano la hekta 50, lenye uzio, na ng'ombe 20 wa kilo 250 kila mmoja. Mwenye shamba anaomba mkopo wa kuongeza ng'ombe 15. Afisa mikopo anapiga hesabu yake ya kawaida: ng'ombe 35 wakiuzwa kwa bei ya mnada wanalipa deni na kubaki. Dhamana ipo, mteja ni mtu mzima mwenye heshima kijijini, mkopo unapita.

Sasa tuhesabu nyasi. Mwisho wa masika, kata nyasi zote zilizo ndani ya mraba wa mita moja kwa mita moja. Kausha, kisha pima kwenye mizani ya jikoni. Rudia sehemu 10 au 20 za shamba, zenye hali nzuri na zenye hali mbaya, kisha utafute wastani. Kila gramu 100 kwa mita mraba ni kilo 1,000 kwa hekta. Tuseme wastani ni gramu 200, yaani kilo 2,000 kwa hekta, na kwa urahisi tuichukue hiyo kama mavuno ya mwaka. Hekta 50 zinatoa kilo 100,000. Ukitaka nyasi ziwepo mwakani, mifugo iruhusiwe kula nusu tu, kilo 50,000. Nusu nyingine inalinda mizizi, inakanyagwa, inaoza na kuwa mbolea.

Ng'ombe hula nyasi kavu kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Kwa ng'ombe wa kilo 250 ni kilo 6.25, karibu kilo 2,280 kwa mwaka. Gawanya 50,000 kwa 2,280. Unapata 22.

Shamba hili linabeba ng'ombe 22. Mwenye shamba alikuwa na 20, na tayari alikuwa karibu na ukingo. Wakiwa 35 wanahitaji karibu kilo 80,000, yaani asilimia 80 ya nyasi zote. Ni ile namba ya Crider ambapo mizizi inasimama. Mvua ikipungua na mavuno yakashuka hadi kilo 1,000 kwa hekta, jambo ambalo kwenye nyanda kame ni la kawaida kabisa, shamba linabeba 11.

Benki ingeweza kusema: lakini ng'ombe 35, hata wakikonda kidogo, ni wengi kuliko 22. Hapo ndipo hesabu ya kilo inapofumbua macho. Tuseme ng'ombe 22 wenye nyasi za kutosha wanaongeza gramu 400 kwa siku katika siku 150 nzuri za mwaka. Kila mmoja anaongeza kilo 60, jumla kilo 1,320. Wale 35 wanaogombania nyasi zile zile wanaongeza, tuseme, gramu 150. Kila mmoja kilo 22.5, jumla chini ya kilo 800. Namba za mfano wangu unaweza kuzibadilisha, lakini mwelekeo wake unajulikana. Jones na Sandland, watafiti wa Australia, waliuonyesha mwaka 1974: kadiri unavyoongeza mifugo kwa hekta, kila mnyama anaongeza uzito mdogo zaidi, na baada ya kiwango fulani hata jumla ya shamba inaanza kushuka. Mkopo wa ng'ombe 15 umemfanya mteja apate kilo pungufu ya alizokuwa akipata kabla ya kukopa, na sasa ana riba.

Nilipoanza kuifundisha hesabu hii nilitarajia maafisa mikopo waione ni ya wataalamu wa mifugo. Kumbe wao huidaka haraka kuliko sisi. Nyasi iliyobaki chini ni mtaji, nyasi inayoliwa ni gawio, na kula asilimia 80 ni kula mtaji. Lugha hiyo wanayo tangu chuoni.

Tulishakopeshana hivi zamani

Kenya ilitunga Sheria ya Wawakilishi wa Vikundi mwaka 1968, na ranchi za vikundi zikaanzishwa, hasa Kajiado na Narok. Wazo lilikuwa zuri likiwa kwenye karatasi: ardhi iwe na hati ya kundi, kundi likope kutoka shirika la serikali la mikopo ya kilimo, AFC, kwa fedha ambazo kwa sehemu zilitoka Benki ya Dunia, lijenge majosho, visima na mabwawa, na lipunguze mifugo ili ilingane na malisho. Majosho na visima vilijengwa. Mifugo haikupunguzwa. Hakuna mwanachama aliyekuwa tayari kuuza ng'ombe wake ili wa jirani wapate nyasi, na hakuna chombo kilichokuwa na nguvu ya kumlazimisha. Maji mapya yaliwezesha ng'ombe wengi zaidi kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi. Ukame ulipokuja, mipaka ya ranchi haikuwa na maana, watu walihama kama walivyohama siku zote, na walifanya busara. Madeni yalibaki. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi nyingi ziligawanywa kwa watu binafsi, na deni la kundi lilikuwa moja ya sababu. Hati ya mtu mmoja mmoja ikawa dhamana rahisi benki, na wako waliopoteza ardhi ya ukoo kwa njia hiyo.

Tanzania tulipita njia inayofanana, kwa Sheria ya 1964 ya vyama vya ranchi na mradi wa Umasaini uliofadhiliwa na Marekani katika miaka ya 1970. Mabirika na majosho yalijengwa hapo pia, na mpango wa malisho ulibaki kwenye ripoti.

Ninawasihi maafisa mikopo vijana waijue historia hii kwa sababu leo fedha zinarudi. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB, ilianza kazi mwaka 2015. Julai 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza hatua za kuvutia mabenki yakopeshe kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ni hatua njema, na mfugaji aliyekuwa akitozwa riba ya juu anapumua. Ila riba nafuu kwa ng'ombe wasio na nyasi inaharakisha tu yale yaliyotokea Kajiado.

Dhamana inayotembea, dhamana inayokufa

Kenya ilipitisha mwaka 2017 sheria ya dhamana za mali zinazohamishika, na ng'ombe wanaweza kusajiliwa kama dhamana. Kwa mfugaji asiye na hati ya ardhi huu ni mlango uliofunguka. Tatizo la dhamana hii ni kwamba hufa yote kwa pamoja. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano mfululizo ya mvua ilishindwa, na Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2.5. Wakati mteja anashindwa kulipa, ndipo dhamana yake imelala chini, na wateja wengine wote wa tawi hilo wako katika hali hiyohiyo. Mwenye benki anayejua nyasi anaona hatari hii miezi minne kabla, akiwa amesimama shambani mwezi Juni.

Bima imejaribu kuziba sehemu ya pengo. Mwaka 2010 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, na washirika wake walianzisha Marsabit, kaskazini mwa Kenya, bima inayosoma ukijani wa malisho kwa setilaiti. Haihitaji mtu kuja kuhesabu mizoga: ukijani wa eneo ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila aliyejiunga analipwa. Mwanzoni ililenga kufidia mifugo iliyokufa. Baadaye, serikali ya Kenya ilipoichukua katika mpango wake ulioanzia Turkana na Wajir mwaka 2015, ilielekezwa kulipa mapema, ili mfugaji anunue chakula na kuwaokoa ng'ombe wakiwa hai. Mabadiliko hayo yanaonyesha kwamba hata kampuni ya bima ilibidi ijifunze kuangalia nyasi kabla ya ng'ombe.

Ardhi ya pamoja inabaki kuwa fundo gumu zaidi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kundi la wafugaji Tanzania linaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa eneo lao la malisho. Kenya ina Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Hati hizi zinalinda malisho yasikatwe vipande na kuuzwa, na kwa maoni yangu benki isizitamani kama dhamana hata siku moja. Benki inaweza kuzitumia kwa namna nyingine: kama ushahidi kwamba nyasi za mteja zitakuwepo mwakani. Kijiji chenye mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo ya kufunga na kufungua malisho, na kamati inayotoza faini kweli, kina wateja salama kuliko kijiji ambacho kila mtu anajilishia. Swali hilo linaweza kuingia kwenye tathmini ya mkopo bila kubadilisha sheria hata moja.

Darasa lenyewe

Kama ningeulizwa mafunzo yafanyikeje, ningesema afisa ugani na afisa mikopo wakae pamoja, nje, siku tatu, mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Kwa sehemu kubwa ya kaskazini masika inaisha hapo, nyasi zimefika kileleni, na unachokiona ndicho chakula chote mpaka vuli. Siku moja wapige mraba na kupima. Siku moja watembee na mchungaji kuanzia asubuhi mpaka jioni, bila gari. Siku ya mwisho wachukue maombi matatu ya mikopo, majina yakiwa yamefutwa, na wayapitie upya kwa macho ya nyasi.

Siku hiyo ya mwisho ndipo utaona maswali yanabadilika. Marejesho ya kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza yanamlazimisha mtu kuuza ndama Oktoba, wakati bei iko chini na ngozi imeshika mbavu. Kwa nini marejesho yasiangukie Juni na Julai, maksai wakiwa na uzito? Kwa nini mkopo wa mitamba 15 usigeuzwe uwe mitamba miwili, waya wa umeme na bomba? Kwa nini mkataba usiseme kwamba nyasi zikipungua chini ya kiwango fulani mwisho wa masika, mteja na benki watakutana kupanga nani auzwe, kabla hajakonda?

Na wajifunze kuuliza. Kumuuliza mfugaji idadi ya ng'ombe wake ni kama kumuuliza mtu wa mjini ana kiasi gani kwenye akaunti, tena mbele ya majirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Mzee, una ng'ombe wangapi?"

"Wapo. Tunamshukuru Mungu."

Mazungumzo yameishia hapo, na namba itakayoandikwa kwenye fomu itakuwa ya kubuni. Afisa aliyepita darasa letu angeanzia kwingine.

"Mzee, majani ya huku yatatufikisha mwezi gani?"

Mzee atanyoosha fimbo. "Huku korongoni yatafika Agosti, mvua haikuwa mbaya. Kule ng'ambo yameisha, wale wa kijiji cha pili waliingia usiku. Kule juu kwenye miti tumefunga, hata mimi siingii. Tunafungua Septemba."

"Na yatawatosha wote?"

"Hayatoshi. Maksai saba wanakwenda mnadani mwezi ujao, na yule jike mzee."